Dawa ya kusafishia picha

Baba yangu alikuwa mpiga picha. Siyo hawa wa siku hizi wa droni kwenye maharusi, namaanisha yule wa studio, chumba kimoja mbele chenye pazia lililochorwa maua na mnara ambao hakuna aliyejua uko nchi gani, na nyuma yake kichumba kingine kidogo kisicho na dirisha. Humo sisi watoto tulikuwa hatuingii bila hodi, tena unagonga halafu unasubiri kweli, maana ukifungua mlango vibaya umeshaunguza karatasi za watu. Hapo ni Morogoro, mwishoni mwa miaka ya themanini, enzi za picha nyeusi na nyeupe, pasipoti saizi nne unakatiwa kwa mkasi unapewa kwenye kibahasha cha kaki.

Ndani kulikuwa na trei tatu. Ya kwanza devolopa, ile dawa ya kuitoa picha, ya pili maji, ya tatu fiksa, ya kuifanya picha isifutike, ambayo baba aliita haipo, ni lile neno la Kizungu hypo, basi kila siku tunacheka, haipo vipi na ipo hapo hapo. Karatasi inaingia trei ya kwanza ikiwa nyeupe pee, chini ya taa nyekundu, sekunde kadhaa hamna kitu, mara nyusi zinatokea, nywele, macho, koti la kuazima, mtu mzima anakuja taratibu kutoka kwenye weupe. Nimeona mambo mengi tangu hapo ila sijaona linalofanana na lile. Nilikuwa na hamu ya kutia kidole kwenye ile trei ya kwanza mpaka leo naikumbuka hiyo hamu, na baba alikuwa mkali sana kwa hilo. Mwenyewe alitumia koleo la plastiki, na hata hivyo kucha zake zilikuwa na ukahawia ambao sabuni ya kipande haikuwahi kuutoa.

Devolopa alikuwa anakoroga mwenyewe. Unga kwenye makopo, mizani ndogo, maji ya vuguvugu, kijiti. Daftari lake ninalo. Kwa filamu ameandika hivi: maji lita 1, metoli gramu 2, salfaiti gramu 100, haidrokwinoni gramu 5, boraksi gramu 2. Wala siyo siri ya familia, ni ile D-76 ya Kodak ambayo wapiga picha wa dunia nzima wanaikoroga tangu miaka ya 1920.

Sasa ruka miaka kama ishirini mbele. Niko Mbagala kwa mamdogo, mdogo wake mama wa tumbo moja, nimelala kwake wikiendi, asubuhi natafuta mafuta ya kupaka maana yangu nimesahau, nafungua droo ya kioo chake nakuta vikopo na tyubu kama duka. Mi nimesoma maabara, nina ugonjwa wa kusoma lebo, siwezi kutumia hata dawa ya meno sijageuza nyuma. Nikachukua tyubu moja nikageuza. Haidrokwinoni. Nikakaa kitandani. Yani lile jina mara ya mwisho nimeliona kwenye kopo la baba, kwenye rafu ya juu ambayo tulikatazwa kugusa, na sasa liko hapa limechorewa ua la waridi na uso wa mdada anatabasamu.

Nieleze kidogo hii kitu ni nini, wasiopenda kemia nivumilieni aya mbili tatu. Chukua pete ya benzini, lile umbo la pembe sita la kidato cha tano, bandika OH huku na nyingine mkabala wake, basi, ndiyo hiyo. Ikiwa safi ni fuwele nyeupe, inayeyuka kwenye maji, ukiiacha hewani inageuka kahawia. Iligunduliwa Ufaransa mwaka 1820 na Pelletier na Caventou, walewale ambao mwaka huohuo walitoa kwinini kwenye gome la mti, ndiyo maana majina yanafanana, kwinini na kwinoni, ukoo mmoja wa gome moja. Viwandani inafanya kazi kibao ambazo hazihusiani na urembo, kwa mfano inatiwa kwenye malighafi za plastiki ili zisigande zikiwa bado kwenye pipa, na inatumika kutengeneza kemikali za kuzuia mpira usichakae.

Tabia yake kubwa ni ugawaji, inagawa elektroni kama mtu anayegawa sadaka. Kwenye karatasi ya picha kuna chembe za chumvi ya fedha, zile zilizoguswa na mwanga zinapokea elektroni kutoka kwa haidrokwinoni zinageuka kuwa fedha yenyewe, na fedha ikiwa unga mwembamba namna hiyo ni nyeusi tii. Ndiyo nyusi zile, ndiyo koti lile. Kwenye ngozi mambo ni mengine. Kuna seli zinaitwa melanosaiti zinazopika rangi yetu, melanini, na mpishi wake mkuu ni kimeng'enya kinachoitwa tairosinesi ambacho kinachukua tairosini kinaanza kuigeuza hatua kwa hatua mpaka rangi. Sasa haidrokwinoni inafanana na tairosini, nayo ina ile pete na ile OH, kwa hiyo mpishi anaidaka akidhani ndiyo unga wake, chungu kinakwama. Tena haiishii hapo, ikishagawa elektroni zake inageuka kwinoni, nayo inaumiza na seli zenyewe.

Kwa hiyo kemikali ileile, kwenye karatasi inaleta weusi na kwenye ngozi inauondoa. Nilipounganisha hilo kichwani nilicheka peke yangu pale kitandani kama chizi.

Hapa kuna kitu ambacho wauzaji hawasemi. Haing'arishi chochote, haisugui, haitakatishi. Rangi iliyokwishapikwa inabaki mpaka ngozi ijibandue yenyewe, kinachofanyika ni kwamba mpya haipikwi. Ndiyo maana inachukua wiki kadhaa kuonekana, na ndiyo maana ukiacha rangi inarudi, siyo kwamba mwili wako ni mbishi, ni kwamba mpishi karudi kazini. Biashara nzima imekaa hapo.

Na hesabu nyingine hii niliifanya kwenye ukingo wa gazeti hukohuko Mbagala. Krimu ya asilimia 4, kopo la gramu 125, ndani mna haidrokwinoni gramu 5. Rudi kwenye daftari la baba. Ni lita nzima ya devolopa ya filamu, ndugu wa ile ya karatasi ambayo nilikuwa nachapwa nikitia kidole.

Mamdogo hakuanza kwa kutaka weupe, na hili naomba mnielewe kwa sababu watu wanapenda kuhukumu haraka. Alikuwa maji ya kunde, ngozi inang'aa, mtu ambaye shuleni kwao walikuwa wanamtania amepakwa mafuta ya taa. Mimba ya pili ikamwachia mabaka mashavuni na juu ya mdomo, yale mapana ya kahawia wanayoyapata wanawake wengi wajawazito. Akaenda duka la vipodozi, siyo hospitali. Kwanini aende hospitali, anaumwa? Dada wa dukani akampa tyubu. Na kinachouma ni kwamba dada hakukosea ugonjwa, haidrokwinoni ni dawa ya kweli ya mabaka hayo, madaktari wa ngozi wanaiandika, asilimia 2 mpaka 4, usiku tu, pale kwenye baka tu, miezi michache halafu unapumzika, mchana unapaka ya kuzuia jua bila kukosa, na mjamzito hapewi kwa sababu sehemu kubwa yake inapita ngozini na kuingia mwilini. Kuna mpaka mchanganyiko wa kidaktari wa tangu 1975, wa daktari wa ngozi Kligman, wenye haidrokwinoni, tretinoini na steroidi kidogo, ile dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho. Kwa hiyo siyo sumu ya panya ile. Ila hayo masharti yote niliyoyaorodhesha, kwenye tyubu ya mamdogo hakukuwa na hata moja, kulikuwa na ua.

Wiki ya sita mabaka yakafifia. Jirani wakaona. Shoga zake wakaanza, shosti unatumia nini, umenawiri. Nani anaacha kitu kikimfanya asifiwe? Baka likaisha ikaja shingo ili ilingane na uso, ikaja mikono ilingane na shingo, na tyubu moja haitoshi mwili mzima kwa hiyo akapelekwa saluni moja kwenye mkorogo.

Mkorogo kila mtu anaujua ila wachache wamesimama kuuangalia ukikorogwa. Mi nilisimama. Beseni dogo, losheni ya kawaida ya kuongezea wingi, tyubu mbili za haidrokwinoni, tyubu tatu za klobetasoli, nayo ni steroidi, sabuni iliyokwanguliwa, na kichupa kisicho na lebo ambacho nilipouliza nikaambiwa hiyo ndiyo siri ya fundi. Kuna wanaotia mpaka dawa ya kulainishia nywele. Anakoroga kwa kijiko cha chakula. Asilimia ngapi? Hakuna anayejua, hata yeye, na wiki ijayo itakuwa nyingine. Baba yangu alikuwa anapima kwa gramu kwa ajili ya karatasi, karatasi jamani, na huyu anakisia kwa ajili ya ngozi ya mtu.

Mamdogo akawa mweupe kweli, wa chungwa. Ila vifundo vya vidole viligoma, viwiko viligoma, magoti na juu ya miguu, maana ngozi ya pale ni nene, dawa haipenyi kirahisi. Mtaani mnajua wanavyosema, uso Fanta miguu Coca. Nimecheka utani huo mara nyingi tu na mimi, sitajifanya malaika, tena chuoni nilishawahi kupaka tyubu yangu mwenyewe kwa ajili ya makovu ya chunusi na nikaacha kwa sababu moja tu, hela iliisha.

Mwaka wa nne hivi yakaanza mengine. Kwenye mashavu juu, mahali mfupa unapojitokeza, na pembeni ya macho, weusi ukarudi, lakini siyo weusi wake. Ulikuwa wa kijivu una ubluu ndani, kama wino uliomwagikiwa na maji, na ukipitisha kidole unasikia vichembe vidogo kama ulezi. Yeye akafikiri ni yale mabaka ya zamani yamerudi, dawa imeshindwa nguvu. Kafanya nini? Kaongeza. Asubuhi na jioni. Na kadiri anavyoongeza ndivyo panazidi, na kadiri panavyozidi ndivyo anaongeza, miaka miwili mingine ikaenda hivyo na hela ya mboga imeenda nayo.

Inaitwa okronosisi. Iliandikwa mara ya kwanza kama madhara ya haidrokwinoni mwaka 1975 huko Pretoria, Afrika Kusini, na Findlay na wenzake, walipoona wanawake weusi waliokuwa wanapaka krimu kali wanakuja na nyuso zilizoharibika kwa namna hiyohiyo. Ukikata kipande cha ngozi ukatazama kwenye darubini unakuta ndani, chini ya ile tabaka inayojibandua, kuna vitu vya rangi ya udongo wa manjano vyenye umbo la ndizi. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba haidrokwinoni inazuia kimeng'enya kingine, kile kinachoteketeza asidi ya homojentisiki, asidi inajikusanya inagandamana kuwa rangi, na rangi hiyo imekaa chini kabisa ambako ngozi haijibandui. Jua linaharakisha. Kutoka kwake ni shughuli, wengine wanapigwa leza, wengine inapungua tu baada ya miaka ya kuacha, wengine wanakaa nayo.

Niliposoma habari ya ile rangi ya udongo nilikumbuka trei ya baba. Devolopa ikizeeka inageuka kahawia, halafu kahawia ya chai ya rangi, baba anasema hii imekufa anamwaga. Krimu nayo ukiiona kopo limebadilika rangi ujue imeshaungana na hewa, kilichobaki humo ni kwinoni na jamaa zake, kinachowasha bila hata kusaidia. Watu wanapaka hivyohivyo kwa sababu kopo lilikuwa bei.

Daktari wa ngozi ambaye hatimaye tulimpata hakuishia kwenye okronosisi. Kwenye mkorogo wote ule alichokiogopa zaidi ni klobetasoli. Hiyo ni steroidi kali, ya pumu ya ngozi na soriasisi, unapaka wiki mbili kwa uangalizi. Mamdogo kaipaka mwili mzima miaka sita. Ndiyo maana mishipa ilikuwa inaonekana usoni kama ramani, ndiyo michirizi mapajani, ngozi imekuwa nyembamba, akijikwaruza kidogo kidonda hakifungi. Na inaingia ndani, tezi zilizo juu ya figo zinaona steroidi zinatoka nje kila siku zinaacha kutengeneza zake, presha inapanda, sukari inapanda. Kumbe ile sukari tuliyokuwa tunasema ni ya ukoo.

Sasa kosa langu mimi. Kabla ya daktari, siku nimeshajua kila kitu, niliingia na ujuaji wangu wa maabara nikamwambia mamdogo acha leo, tupa vyote. Akaniheshimu, akatupa. Siku ya nne uso ukawaka moto, nyekundu, umevimba, vipele vya usaha, analia usiku. Siku ya saba akanunua tena, na mimi miezi mitatu hakunipokelea simu. Mtu aliyezoea steroidi kali hakatizwi namna ile, anashushwa polepole na daktari, kutoka kali kwenda ya wastani kwenda nyepesi, na kama ni mwili mzima kwa miaka basi anapimwa kwanza. Kwa hiyo ninyi mnaoandika kwenye makomenti acheni tu kujichubua mrudi kwenye asili yenu, mnamaanisha vizuri, ila mnaweza kumuumiza mtu kama nilivyomuumiza mimi.

Zebaki nitaigusa tu, ni stori ya siku nyingine. Iko zaidi kwenye sabuni na vikrimu vya kikopo kidogo, nayo inazuia rangi, ila inakula figo na mishipa ya fahamu, na inawafikia mpaka watoto mnaolala nao kwa sababu inabaki kwenye taulo na mashuka. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa zebaki, unaikataza kwenye vipodozi. Ukiona lebo imeandika kalomeli au neno lolote lenye merkyuri, weka chini, nawa mikono.

Watu wananiuliza mbona haipigwi marufuku. Imepigwa, tena siyo leo! Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU walitangaza Operesheni Vijana, na kwenye orodha ya vitu vya kupigwa vita, pamoja na sketi fupi na mawigi, kulikuwa na mafuta ya kujichubua. Afrika Kusini wakapiga marufuku 1990 baada ya kuona nyuso za watu wao. Ulaya wakaitoa kwenye vipodozi 2001. Marekani, pamoja na ujanja wao wote, ilikuwa inauzwa madukani bila cheti mpaka 2020. Bunge la Afrika Mashariki lilipitisha azimio Februari 2019 la kutaka haidrokwinoni itoke kwenye sabuni na vipodozi vya nchi zote wanachama, na Rwanda miezi michache kabla ya hapo walishaingia madukani kukusanya makopo baada ya Rais Kagame kulalamika Twitter. Kwetu Tanzania iko kwenye vilivyokatazwa tangu enzi za TFDA, ile mamlaka ya chakula na dawa, na toka 2019 vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango. Sasa nenda Kariakoo, uliza. Mi naona sheria inakamata kopo, ila mkorogo hauna kopo, uko kwenye beseni.

Na madhara ya kwanza kabisa ya ukoo huu wa kemikali hayakutoka kwenye urembo. Mwaka 1939 madaktari Marekani waliandika kuhusu wafanyakazi wa kiwanda cha ngozi za wanyama ambao mikono yao ilikuwa imepoteza rangi, imeishia pale glovu inapoishia. Mpira wa zile glovu ulikuwa umetiwa monobenzoni, binti wa haidrokwinoni, ili usichakae. Wale jamaa walikuwa kazini wanatafuta mkate, na hawakupendezwa hata kidogo, walikimbilia kwa daktari. Miaka michache baadaye mtu akaona hapo kuna biashara.

Kuna kitu kingine kinaniumaga. Moshi, pale hospitali ya KCMC, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, na hapo wanatengeneza krimu ya kuzuia jua kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, Kilisun, kwa sababu jua hili la kwetu bila melanini linaua, saratani ya ngozi inawachukua wakiwa vijana. Nilipita pale kwa kazi nikaona vikopo vimepangwa. Kwenye begi langu nilikuwa na hela ya mamdogo aliyonituma nimtafutie tyubu fulani mjini Moshi maana alisikia ni orijino. Sikumnunulia. Nilimwambia limeisha.

Leo anaendelea vizuri kiasi. Klobetasoli ameshushwa imeisha, ilichukua karibu mwaka. Rangi ya mikono imerudi, maji ya kunde yaleyale, nilishangaa. Mashavu bado, ile kijivu imepungua lakini ipo, anafunga mtandio kwa namna fulani ya kuleta kivuli. Sukari inapimwa.

Mwezi uliopita alihitaji picha za pasipoti za kikoba chao, nikamsindikiza. Studio ya siku hizi, kijana mmoja na kompyuta, hakuna trei, hakuna haipo. Kampiga, kageukia kioo, na kabla hatujasema kitu kashika kipanya, uso wa mamdogo ukaanza kuwa mweupe, mashavu yakafutika, mabaka hayapo, shingo hapo hapo. Nimekuweka sawa mama, kasema, bila malipo ya ziada. Nikafungua mdomo. Mamdogo kanishika mkono kwa chini ya meza. Aliitazama ile picha muda mrefu, halafu akamuuliza kijana nane ni bei gani.